Kamera ya kwanza iliona metaplasia tumboni, ya pili haikuona kitu: nimepona au bado?

SWALI

Dokta shikamoo. Samahani barua ni ndefu manake hili jambo limenikaa kichwani muda sasa na nyumbani kila mtu ana lake la kusema.

Mimi ni mama wa miaka 46. Mama yangu mzazi alifariki kwa kansa ya tumbo, aligundulika ikiwa imeshasambaa, na tangu hapo mimi kila nikijaa gesi nawaza yale yale. Sasa mwaka juzi nikapata kiungulia kisichoisha, na nikila kidogo tu nimevimbiwa, nikapelekwa kipimo cha kamera, ile ya kumeza mpira, wakakata vinyama wakapeleka maabara. Ripoti ikarudi imeandikwa kuna bakteria wa H. pylori, na kuna metaplasia ya utumbo, aina isiyo kamili, kwenye antramu na pia kwenye kopasi, afu chini kabisa wakaandika hakuna displasia. Daktari akanielezea haraka haraka kwamba hii sio kansa ila ni mabadiliko ambayo huko mbele yanaweza kuja kuwa kansa, akanipa dozi ya bakteria ya siku 14 akasema rudi baada ya miaka 3. Basi. Nilitoka pale kichwa kinazunguka, kama inaweza kuwa kansa mbona unaniacha miaka mitatu yote, na kama sio kitu mbona unaniambia nirudi?

Dozi niliimaliza yote pamoja na ule uchungu mdomoni. Kama wiki moja baadae nikapima choo, H. pylori hasi, nikashukuru Mungu. Omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi, sikuacha, naimeza kila asubuhi mpaka leo manake nikiacha kiungulia kinarudi. Mwaka jana mwishoni nikawa na maumivu nikaenda hospitali nyingine, wakarudia kamera, ilikuwa chapchap sana, nadhani walikata kinyama kimoja au viwili tu. Majibu: gastraitisi kidogo ya antramu, H. pylori haijaonekana, metaplasia haijaonekana.

Hapo ndo mzozo ulipoanza. Mume wangu anasema imeshaisha hiyo, achana nayo, akili yako ndo inayoumwa sasa. Shemeji yangu ni nesi, yeye anasema ningekuwa mimi ningepima kila mwaka. Mtandaoni nimesoma Marekani hawashauri watu wa metaplasia wafuatiliwe kwa kamera, Ulaya wanashauri, sa mimi nimfuate nani? Na mdogo wangu wa kike ameniletea unga wa kusafisha tumbo anasema unatoa "seli mbaya" zote. Siku ambazo tumbo limetulia naamini nimepona, siku likinguruma tu silali.

Nisaidie dokta. Nimepona? Miaka mitatu nisubiri au nisisubiri? Na wadogo zangu tuliozaliwa na mama huyo huyo, na watoto wangu, niwaambie wapime?

Mama mwenye mawazo

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa mama. Barua sio ndefu bwana, umeandika vizuri, wengi wananiandikia "ripoti yangu mbaya nisaidie" afu ripoti yenyewe hawasemi inasema nini.

Nianze na lile unalotaka kulisikia: siwezi kukuambia umepona. Ila usikimbilie kulia, sijasema hali yako imekuwa mbaya. Ninachosema ni kwamba majibu mazuri unayoyashikilia, lile la choo na lile la kamera ya pili, yote yalichukuliwa kwa namna ambayo hata kama tatizo lingekuwepo lingeweza kupita pembeni bila mtu kuliona. Kwa hiyo hujapona na hujaumwa zaidi, bado hujajibiwa tu, na kujibiwa kunawezekana.

Tuanze na kamera ndo yenye mzozo. Metaplasia ya utumbo ni kwamba utando wa ndani wa mfuko wa tumbo, baada ya kuvimba vimba kwa miaka mingi, mara nyingi kwa sababu ya huyo bakteria, umechoka kutengeneza seli zake za kawaida ukaanza kutengeneza seli za kufanana na za utumbo. Na haibadiliki yote kwa pamoja, inabadilika kwa mabaka, hapa ipo, ukisogea kidogo hapo pembeni hakuna, halafu ipo tena mbele. Kwa mwanga wa kawaida wa kamera mara nyingi hata haionekani kwa macho, daktari anapita juu yake. Sasa kile kinyama wanachokata ni kidogo sana, ni milimita chache. Ukichota kiganja kimoja cha mchele kwenye gunia ukakosa mawe hujajua lolote kuhusu gunia. Mtaalamu wa maabara hakukudanganya, yeye ameandika kilichokuwemo kwenye kichupa alicholetewa, na kwenye kichupa hicho metaplasia haikuwemo. Ila kamera ya kwanza iliikuta sehemu mbili, antramu ambayo ni sehemu ya chini karibu na mlango wa kutokea chakula, na kopasi ambayo ndo mwili wenyewe wa tumbo. Ya pili inaelekea ilichungulia antramu tu, manake ripoti inataja gastraitisi, yaani uvimbe wa utando, ya antramu na kopasi haijagusiwa kabisa. Ripoti iliyoona haifutwi na ripoti ambayo haikuangalia.

Je inaweza kurudi nyuma kweli ikaisha? Ule utando uliokonda, wanaouita atrofi, ukishamwondoa bakteria unaweza kurudi vizuri tu kwa watu wengi. Metaplasia ni ngumu zaidi, kuna watu inapungua taratibu kwa miaka mingi na kuna watu inabaki pale pale, na kwa aina isiyo kamili, ambayo ndo yenye hatari zaidi, tena iliyoshika sehemu mbili, mimi nisingepanga maisha yangu kwa kutegemea kwamba imefutika ndani ya mwaka na kitu. Ikitokea imepungua tutafurahi, ila tuione kwa kipimo kilichofanywa sawasawa.

Sasa hilo la choo, na hapa ndo nimekunja uso kidogo, manake kwangu hili ni kubwa kuliko hata kamera. Ulipima wiki moja baada ya dozi na huku unameza omeprazoli. Antibiotiki zinamlaza bakteria hata kama hajafa, na omeprazoli na ndugu zake zote zinampunguza idadi na kumsogeza, kipimo kinakosa cha kukamata. Kanuni ni kusubiri angalau wiki 4 tangu umalize antibiotiki, na omeprazoli iwe imeachwa angalau wiki 2, ndo upime choo kile cha antijeni, yaani chembe za bakteria mwenyewe, au kipimo cha kupuliza pumzi. Na hata vinyama vya kamera ya pili vilikatwa ukiwa kwenye omeprazoli, kwa hiyo na ile "H. pylori haijaonekana" ina kasoro hiyo hiyo. Wakikushauri cha damu kataa, cha damu kinaangalia kingamwili na kingamwili zinabaki kwenye damu muda mrefu hata bakteria akiwa ameshaondoka, hakifai kuthibitisha kupona.

Kwa nini nang'ang'ania bakteria wakati wewe umeuliza kuhusu kamera? Kwa sababu kamera haizuii kansa, kamera inaiwahi. Kinachopunguza uwezekano wa kuipata ni kumtoa bakteria. Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa lilimweka H. pylori kwenye kundi la kwanza la visababishi vya kansa mwaka 1994, kundi moja na sigara. Na kuna utafiti wa Korea Kusini uliotoka 2020 uliofanywa kwa watu kama wewe hasa, watu ambao mzazi au ndugu wa tumbo moja alipata kansa ya tumbo na wao wana bakteria. Nusu wakapewa dawa, nusu wakapewa vidonge visivyo na kitu, wakafuatiliwa miaka kama 9. Waliopewa dawa kansa ilipungua kwa zaidi ya nusu, na ukiwatazama wale tu ambao bakteria alithibitishwa ameondoka ilipungua zaidi, karibu robo tatu. Umeona hilo neno, alithibitishwa. Bakteria siku hizi ni sugu kwa baadhi ya antibiotiki, hasa klarithromaisini, na kumaliza dozi yote bila kuruka ni jambo la kupongezwa ila haitoshi kusema amekufa. Akikutwa bado yupo unapewa dozi ya pili yenye antibiotiki tofauti, usikubali kurudishiwa mchanganyiko ule ule.

Hizo wiki mbili bila omeprazoli zitakusumbua, nakubali, kiungulia kitarudi na kwa watu waliokunywa muda mrefu kinarudi kwa hasira. Dawa za kutafuna za kutuliza asidi unaweza kutumia katikati hapo, mwambie tu mpimaji. Na usiache ghafla kama kuna daktari alikuandikia kwa sababu nyingine, mfano kidonda kilichowahi kutoa damu au unameza dawa za maumivu kila siku, hapo muulize kwanza.

Haya, miaka mitatu. Nikuelezee kwa nini daktari wako wa kwanza hakuwa mzembe hata kama maelezo yake yalikuwa ya mbio mbio. Mtu aliyepanga hatua za ugonjwa huu vizuri ni mtaalamu wa patholojia kutoka Colombia, Pelayo Correa, tangu miaka ya 1970. Kwanza uvimbe wa muda mrefu, halafu atrofi, halafu metaplasia, halafu displasia ambapo seli zenyewe zimeanza kuharibika sura, halafu ndo kansa. Safari hiyo inachukua miaka mingi, mara nyingi makumi ya miaka, na watu wengi wanaishia njiani hawafiki mwisho. Uholanzi walikusanya rekodi za nchi nzima za watu zaidi ya 92,000 waliokutwa na mabadiliko haya, wakachapisha 2008. Kwa mwaka mmoja, wenye atrofi waliopata kansa ni asilimia 0.1, wenye metaplasia asilimia 0.25, wenye displasia ndogo hadi ya kati asilimia 0.6, na displasia kali asilimia 6. Kwa hiyo ukikusanya watu 1,000 wenye metaplasia, kwa mwaka wawili au watatu ndo wanapata kansa, waliobaki 997 au 998 hawapati. Na angalia ule mruko wa kutoka 0.6 kwenda 6, hapo ndo wote tunapopaogopa, na ripoti yako ya kwanza iliandika wazi hakuna displasia. Huo mstari wa mwisho uliousoma ukaupita ndo mstari mzuri kuliko yote kwenye karatasi yako.

Ila hizo namba ni za wastani wa watu wote wamechanganywa, na wewe sio wa wastani. Una vitu vitatu vinavyokusogeza juu kidogo: mama, aina isiyo kamili, na kwamba ipo antramu na kopasi. Na hapa ndo ugomvi wa Marekani na Ulaya unapoyeyuka. Chama cha magonjwa ya tumbo cha Marekani mwaka 2020 kilichokataa ni kumpeleka kamera kila mtu mwenye metaplasia bila kuchagua, wakasema wenye hatari zaidi, wakataja hao hao wenye ndugu wa karibu aliyepata kansa ya tumbo, wenye aina isiyo kamili na waliosambaa, wao wanaweza kukubaliana na daktari wao kufuatiliwa. Ulaya, mwongozo wao wa 2019, wanasema iliyoshika antramu na kopasi zote irudiwe kila miaka 3, iliyoko sehemu moja tu na mtu hana jambo lingine la kuongeza hatari hahitaji kufuatiliwa kabisa, na huyo aliyefika hatua ya juu, yaani imeshika antramu na kopasi zote, halafu ana mzazi, ndugu au mtoto aliyepata kansa ya tumbo anaweza kufaidika na kufuatiliwa kwa karibu zaidi, mwaka 1 hadi 2. Soma tena hiyo ya mwisho afu umpigie simu shemeji yako umwombe radhi kwa niaba ya mumeo. Hajakosea sana. Na hao wote Wamarekani na Wazungu kwa mtu wa aina yako wako upande mmoja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na nenda nao kwa daktari wa tumbo anayekuona ana kwa ana, yeye ndo mwenye neno la mwisho. Usihesabu kamera ya mwaka jana kama ufuatiliaji, ile ilikuwa ya maumivu, ilifanya kazi yake ikaisha. Hesabu tangu ile ya kwanza. Ukihesabu hivyo umeshafika kwenye ule muda wa mwaka mmoja hadi miwili wa watu wenye historia kama yako, kwa hiyo mimi nisingesubiri mitatu. Thibitisha kwanza bakteria, akiwepo mtibu, halafu ufanye kamera moja nzuri. Nasema nzuri kwa msisitizo, moja nzuri ni bora kuliko za chapchap kila miezi sita, ambazo zinakupa majibu ya kukutuliza na hazikuambii kitu.

Nzuri ikoje? Ukienda mwombe daktari haya bila aibu, ni maswali ya kawaida na daktari mzuri hachukii. Mwambie kabla hajaanza kwamba ni ya kufuatilia metaplasia, sio ya kutafuta vidonda, na mpe ripoti ya kwanza mkononi, manake akijua anachotafuta anaangalia tofauti. Tumbo liwe tupu, na wengine wanakunywesha dawa ya kuondoa mapovu ili ukuta uonekane msafi. Aangalie taratibu, wenzetu wa Ulaya wanataka isipungue dakika 7. Mashine nyingi za sasa zina mwanga maalum wa bluu na kijani ambao unayafanya mabaka ya metaplasia yajitokeze, kama ipo waiwashe. Na vinyama: angalau viwili antramu, viwili kopasi, wengi wanaongeza kimoja cha ile kona katikati, pamoja na popote penye kutia shaka. Na ombi la muhimu kuliko yote, kila sehemu kichupa chake chenye jina lake. Huwezi kuamini ni watu wangapi vinyama vyao vyote vimetupwa kwenye kichupa kimoja, maabara wanaandika metaplasia ipo, ipo wapi hakuna anayejua, na swali zima la mwaka mmoja au mitatu au usirudi kabisa linategemea hapo hapo pa wapi. Ukiogopa kumeza mpira ukiwa macho omba dawa ya usingizi mwepesi, ukitulia wewe na yeye anatulia, anaangalia vizuri.

Ripoti zote weka kwenye faili moja nyumbani, piga na picha kwenye simu. Hospitali zinabadilika, madaktari wanahama, wewe ndo unayebaki na historia yako. Ungekuwa na ripoti ya kwanza mkononi ile siku ya kamera ya pili huenda barua hii usingeniandikia.

Wakija kukuta displasia, naandika hili kwa sababu najua utaliwaza saa nane usiku, haimaanishi umefuata njia ya mama. Kwanza vioo vile vya vinyama vinatazamwa na mtaalamu wa pili wa patholojia, manake hata wenyewe kwa wenyewe hawakubaliani mara zote, hasa kwa ile ndogo. Pili kamera nzuri inarudiwa mapema kutafuta kama kuna doa linaloonekana. Likiwepo linaondolewa, na siku hizi madoa mengi yanakatwa kwa kamera hiyo hiyo bila kupasua tumbo, njia ambayo Wajapani ndo waliiendeleza sana. Lisipoonekana kitu unarudiwa baada ya miezi 6 kwa kali au 12 kwa ndogo. Tofauti kati yako na mama ni kwamba yeye aligundulika kwa dalili na wewe unafuatiliwa kabla ya dalili, na kansa ya tumbo ikikamatwa bado iko kwenye utando wa juu inatibika vizuri sana.

Na tuongelee hizo siku za kunguruma. Metaplasia haiumi. Haina gesi, haina kiungulia, haingurumi. Unachokisikia ni asidi, au tumbo lenye hisia kali, au bakteria kama bado yupo, au mawazo yenyewe, manake mawazo yanakaza tumbo kweli, hilo mumeo yuko sahihi kidogo hata kama amelisema vibaya. Kwa hiyo tumbo likitulia haimaanishi imeondoka na likisumbua haimaanishi imesogea. Vya kukutoa nyumbani bila kusubiri tarehe ni vingine: kupungua uzito bila sababu, choo cheusi tii, kutapika damu au kutapika mara kwa mara, chakula kukwama kooni, kushiba kwa vijiko viwili siku zote na inazidi, au damu kupungua. Kimojawapo hapo nenda wiki hiyo hiyo.

Kwa kuwa kopasi imeguswa omba wakucheki na vitamini B12 na madini ya chuma kwenye damu. Sehemu hiyo ndo inayotengeneza kitu kinachosaidia B12 ifyonzwe, na omeprazoli ya muda mrefu nayo haisaidii hapo. Kuna aina ya gastraitisi ambapo kinga ya mwili yenyewe inashambulia kopasi, daktari akiona ripoti ataamua kama aitafute.

Unga wa mdogo wako, hapana. Hakuna unga unaochagua seli mbaya ukaziacha nzuri, na kuna mambo mawili ninayoyaogopa, moja hujui kilichochanganywa mle na utakuwa umejiongezea mchubuko tumboni, pili utajisikia umesafika afu utaahirisha kipimo. Mshukuru kwa upendo wake uuweke kabatini. Kama unataka kufanya kitu kwa mikono yako, chumvi ipunguze, hasa vyakula vilivyohifadhiwa kwa chumvi nyingi, na kama kuna sigara, yako, iishe. Sigara inaongeza hatari kabisa hii. Mboga na matunda kula, ila usijitese kwa orodha ndefu za usile hiki usile kile, hazijaondoa metaplasia ya mtu.

Wadogo zako, ndio, waambie, na waambie wewe wasisikie kwa watu. Wao ni watoto wa mama kama wewe, na huenda walimpata bakteria utotoni ndani ya nyumba ile ile, ndo anavyoambukiza mara nyingi. Wapime H. pylori kwa pumzi au choo, bila omeprazoli wiki 2, bila antibiotiki wiki 4, akikutwa atibiwe halafu ithibitishwe. Aliyeshafika miaka 40 na kitu au mwenye dalili zozote aongee na daktari kama afanyiwe kamera mara moja na vinyama vikatwe, akikutwa msafi pengine hatahitaji kurudi. Watoto wako kidogo ni tofauti, mgonjwa kwao alikuwa bibi na sio mzazi. Waliokwisha kuwa watu wazima wanaweza kupima bakteria hasa kama wewe ukithibitishwa bado unaye, walio wadogo na wanakula na kucheza vizuri waache, usiwaburuze hospitali, akiwepo anayelalamika tumbo mpeleke kwa daktari wa watoto yeye ataamua. Wewe anza na hizo wiki mbili za kuacha omeprazoli, na majibu ya pumzi yakitoka niandikie, weka na picha ya ripoti ya kwanza, ile yote mpaka mstari wa chini.